Biwi la Serikali

Ndani ya kambi ya polisi, kitu ni cha serikali au ni cha adui. Hakuna cha tatu. Nimezaliwa kambini, nimekulia kambini, na nasema hivi bila kumwogopa mtu: sheria hiyo ndiyo iliyotaka kumtupa mama yangu barabarani, si maganda ya ndizi kama watu wa mjini wanavyosimulia huku wakicheka. Anayecheka aje Katwe, kwenye karakana ya majiko, aulize Ocen. Nitamweleza uso kwa uso.

Mama yangu ni Joska, mjane wa Koplo Ongom. Baba alipofariki, kanuni ilisema mjane aondoke, chumba apewe askari mwingine. Afande Olal, mkuu wa kambi, akafumba jicho moja. Alikuwa na sababu. Lori la takataka lilikuwa limeacha kuja kwetu, nzi walikuwa wengi kuliko askari, na mama ndiye aliyeiokoa kambi isioze. Kila asubuhi alizunguka kwenye zile nyumba zetu za bati za duara akikusanya maganda ya matoke, maganda ya viazi, majani ya mahindi na majivu ya jiko. Akavipanga nyuma ya mlingoti wa bendera, tabaka juu ya tabaka, kibichi juu ya kikavu, akanyunyiza maji kidogo kama mpishi anayeogopa kuharibu wali. Biwi likapanda. Likapata joto. Baada ya miezi lilikuwa mboji nyeusi yenye harufu ya mvua ya kwanza, na sukuma wiki za kambi zikatoa majani ambayo mtu angeweza kujifunika nayo.

"Mjane huyu abaki," Afande Olal alisema, "mradi jina lake liwe safi."

Mama hakuwa na kwingine. Shamba la baba huko Kitgum, shemeji zake walishaligawana kabla udongo wa kaburi haujakauka. Mimi mwenyewe nalala karakanani, juu ya mabati ya watu. Kwa hiyo chumba kile cha duara, kinachochemka mchana na kuvuja wakati wa mvua, kilikuwa ndiyo nchi yake yote.

Basi mwaka huu ikaja amri kutoka juu: mkaguzi atakuja, na kila kitu kilichomo ndani ya ukuta kiandikishwe.

Aliyepewa kazi hiyo ni Sajini Fadhul wa stoo. Fadhul ni mtu ambaye ukimpa kikombe cha chai, anakigeuza kwanza atazame namba chini. Alipita kambini na kopo la rangi nyeupe na brashi. Viti vikapata namba. Mitungi ikapata namba. Mparachichi wa karibu na lango ukapata namba. Kuku mmoja alipita karibu mno naye akapata yake.

Alipofika nyuma ya mlingoti, ilikuwa asubuhi ya baridi, na biwi lilikuwa linatoa mvuke kama sufuria ya maharage.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Biwi," mama akasema. "Mboji. Bado inaiva."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Imekaa kwenye ardhi ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi ni ya serikali."

"Na maganda, Sajini? Ndizi tulikula sisi."

"Mlizinunua kwa mshahara wa nani?"

Jirani yetu Rukiah alikuwa mlangoni kwake anasuka kikapu. Rukiah ni Mnubi, baba yake alikuwa askari, babu yake alikuwa askari, na ulimi wake haujawahi kustaafu. Zaidi ya hapo, Fadhul ni mtoto wa dada yake.

"Fadhul!" akaita. "Njoo unipige namba tumboni. Humu mna ndizi za serikali tangu jana."

"Mama mdogo, niko kazini."

"Najua uko kazini. Ukiwa nyumbani unakuwa na akili."

Fadhul akajifanya hakusikia. Sasa alitaka vipimo, kwa sababu kitu cha serikali lazima kiwe na vipimo, na utepe wa kupimia ulikuwa umeazimwa na inspekta mmoja ambaye baadaye alihamishiwa Karamoja pamoja nao. Akatazama huku na huku. Akamwona Konstebo Okidi anapita na ndoo. Okidi ndiye mrefu kuliko wote kambini. Akiingia mlangoni anainama kama anayeingia kusali.

"Okidi! Simama hapa. Kando ya biwi. Wima!"

Okidi akasimama wima, ndoo mkononi. Kilele cha biwi kilimfika kifuani, kwenye kifungo cha pili cha shati. Fadhul akachora kibao, akakichomeka mbele:

BIWI, MOJA. MALI YA POLISI. KIMO: KIFUA CHA OKIDI.

Kisha akalizungushia mawe, akayapaka chokaa, maana kambini kitu kisichozungushiwa mawe meupe hakijaanza kuwepo.

"Mama Ocen," akamwambia mama, "wewe ndiye mtunzaji. Usiongeze, usipunguze. Mkaguzi akija alikute hivi hivi."

"Sajini, kinachoiva hushuka."

"Usiongeze," Fadhul akarudia, "usipunguze."

Mama hakuongeza, hakupunguza. Maganda mapya yakaanza kujaa kwenye ndoo za watu majumbani, nzi wakarudi kutoka likizo, na biwi likaachwa peke yake ndani ya mawe yake kama mheshimiwa. Nalo likafanya kile ambacho kila biwi hufanya tangu Mungu aumbe ganda. Likaiva. Likashuka.

Ukaguzi ulipokaribia, Fadhul akaja na Okidi kufanya majaribio. Okidi akasimama wima. Kilele cha biwi kikamfika kwenye mkanda wa suruali.

"Mwizi!" Fadhul akapiga kelele. "Nusu ya mali imekwenda!"

Nilipigiwa simu nikiwa nachomelea. Nilifika kambini masizi yakiwa usoni na nyundo bado mfukoni, nikamkuta mama amesimama mbele ya meza ya Afande Olal, mikono nyuma, kana kwamba ni kuruta. Rukiah alikuwa dirishani upande wa nje, ameegemea kama kwake. Afande Olal si mtu mbaya. Ubaya wake ni kwamba haamini kitu mpaka kipitie utaratibu, na kikishapitia utaratibu anaamini hata kama ni uwongo.

"Mama Ocen," akasema, "mali ilikuwa kifuani. Leo iko kwenye mkanda. Tofauti iko wapi?"

"Iko mle mle, Afande. Imeshikana. Ukipika majani ya kunde, sufuria inajaa mpaka kifuniko kinaelea. Yakiiva ni kiganja kimoja."

Afande Olal akafikiri. Ni mtu wa kaskazini, kunde anazijua.

"Ni kweli," akasema. "Mke wangu pia, akipika boo, hizo kunde zetu, huwa hivyo."

Fadhul akapiga saluti. "Afande, kwa ruhusa yako. Zikishuka hizo kunde, jikoni kuna nani?"

"Kuna mke wangu."

"Peke yake?"

Afande Olal akaweka kalamu chini. Niliona shaka ikimwingia machoni, na nina hakika jioni hiyo mke wake aliulizwa maswali.

Hapo damu ikanichemka. Siwezi kumwona mama yangu anaitwa mwizi wa maganda na kijana wa stoo. Nikapita mbele, nikasema, "Afande, mnapima biwi kwa Okidi. Nani amempima Okidi? Labda biwi liko palepale. Labda Okidi ndiye amekua."

Nilisema kwa hasira, kuwaonyesha upuuzi wao. Nilitegemea wacheke, wajione. Nilikuwa nimesahau niko wapi. Afande Olal alinyanyua kichwa polepole, akanitazama kama mtu aliyeletewa habari muhimu.

"Hilo hatukulichunguza," akasema.

Okidi akapelekwa zahanati siku hiyo hiyo chini ya ulinzi wa askari wawili. Akavuliwa buti, akapimwa. Wakatafuta kimo alichoandikishwa nacho alipojiunga na polisi, wakalinganisha. Kumbe alikuwa ameongezeka kidole kimoja. Akarudishwa mbele ya meza.

"Konstebo Okidi, umekua?"

"Mimi sijui, Afande. Mimi nasimama tu. Biwi ndio inashuka."

"Uliomba ruhusa ya kukua?"

"Hapana, Afande."

"Ulimjulisha mkubwa wako wa kazi?"

"Afande, ilikuja pole pole."

Akapewa onyo kali, na kidole chake kikatolewa kwenye hasara ya mama. Lakini toka mkanda hadi kifua si kidole kimoja. Afande Olal akatoa uamuzi: biwi lilindwe usiku na mchana, mwizi akamatwe, na mkaguzi akifika kabla mali haijapatikana, Joska afungashe vyombo vyake siku hiyo hiyo. Fadhul akatoka mbio kwenda kuomba lori, asije akachelewa kutii.

"Asante sana, mwanangu," mama aliniambia tulipotoka nje. "Umenisaidia kidole kimoja."

Rukiah alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa sikieni namna jeshi la polisi linavyojikamata. Askari wa kwanza aliwekwa kando ya biwi na bunduki. Alisimama vizuri, hakusinzia, hakuruhusu hata panzi. Zamu ikaisha, Fadhul akaleta kipimo, yaani Okidi. Biwi lilikuwa limeshuka kidogo. Askari akaulizwa nani amepita. Akasema hakupita mtu. Basi kama hakupita mtu, ni yeye. Akapelekwa korokoroni.

Akawekwa wa pili. Biwi likashuka. Korokoroni. Wakawekwa wawili wawili, ili mmoja amlinde mwenzake. Likashuka. Wakakamatwa wote kwa kula njama. Koplo mmoja mjanja aliamua kulikalia kwa kiti, ili yeyote atakayeiba chini yake amhisi. Jioni aliinuka, akajikuta ameshuka pamoja na kiti chake, na akakiri mwenyewe kabla hajaulizwa.

Akaletwa mbwa wa polisi, mbwa mashuhuri, aliyewahi kumfuata mwizi wa pikipiki kutoka Port Bell mpaka kitandani kwake. Akanusishwa biwi. Akalizunguka, akapanda juu, akajikunja, akalala. Palikuwa na vuguvugu tamu. Mwongozaji wake akasema hiyo maana yake mwizi yumo ndani. Wengine wakasema maana yake mbwa amehongwa. Alipokataa kushuka, naye akaandikwa kati ya washukiwa.

Korokoroni ikajaa. Askari wa nje wakapungua mpaka wafungwa wakawa wanatolewa kwenda kulinda, kisha wanarudishwa kwa kosa lile lile. Huko Kikuubo wafanyabiashara wakauliza polisi wamekwenda wapi, mbona wezi wanatembea kama wako harusini. Wakajibiwa kuwa polisi wako kwenye operesheni maalumu, isiyoweza kuelezwa kwa sasa. Hilo lilikuwa kweli. Nani angeweza kuieleza?

Mimi nilikuja na dawa. Nilipakia kwenye boda magunia ya maganda kutoka sokoni, nikayaficha kwa Rukiah.

"Mama," nikasema, "kesho asubuhi askari wakibadilishana zamu, tunamwaga yote juu. Biwi linarudi kifuani. Mkaguzi anapima, anaondoka, wewe unabaki."

Rukiah akaunga mkono. "Mimi nitaimba nyimbo za harusi langoni. Watakuja wote kutazama."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Sichanganyi mbichi na iliyoiva."

"Mama, ni chumba chako!"

"Ile imeiva. Ukiitia maganda mabichi juu, unaiharibu. Inaanza kuoza upya, inanuka, wadudu wanarudi. Baba yako alikufa hajawahi kula chakula changu kibichi. Na serikali haitakula."

"Lakini watakutoa!"

"Watanitoa na mboji nzuri nimeiacha."

Nilitoka nikapiga teke ndoo ya mtu. Watu huniuliza kiburi changu nilikitoa wapi. Waende wamwone yule mwanamke anayechambua mchele.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi alikuwa Afande Alal, si Olal wetu, mwanamke mfupi mwenye kofia iliyokaa kama imechongwa pamoja na kichwa. Gwaride lilikuwa la aibu kidogo, maana nusu ya walioandamana walikuwa wafungwa walioazimwa korokoroni kwa saa hizo. Akakagua viti. Akakagua mitungi. Akasalimiana na kuku. Kisha akafika nyuma ya mlingoti. Kambi nzima ilikuwa imesimama pale: askari kwa mistari, wanawake na watoto kando, mama mbele peke yake, Fadhul anahema kwa furaha na lori lake limeshaegeshwa langoni.

Afande Alal akasoma kibao. Akamtazama Okidi, aliyekuwa ameshasimama wima mahali pake. Biwi lilimfika gotini.

"Kifua cha Okidi ni hiki?" akauliza.

"Hapana, Afande," Afande Olal akasema, jasho likimtoka. "Hilo ni goti."

Afande Alal akavua glavu, akapeleka mkono ndani ya ile mboji. Akauacha humo kidogo.

"Ni baridi," akasema.

"Ilikuwa moto, Afande," Okidi akajibu kwa huzuni ya kweli. Alikuwa amesimama na lile biwi siku nyingi kuliko alivyowahi kusimama na binadamu. "Asubuhi ilikuwa inatoa pumzi. Saa hii hapana. Imekuwa baridi kabisa."

Hapo Rukiah akapaza kilio.

Mpaka leo hataki kuniambia kama alikusudia. Lakini kilitoka kirefu, kikali, kutoka chini ya tumbo. Na kambini kwetu kilio hakiulizwi. Tumeishi miaka na habari zinazokuja kwa redio ya upepo: kutoka kaskazini, kutoka Somalia, kutoka barabara za usiku. Mwanamke mmoja akilia, wengine hupokea kwanza, jina la marehemu hufuata baadaye. Basi walipokea. Wakalia wote, mikono kichwani, wengine wakaanguka chini, na watoto wakaanza kulia kwa kuona mama zao. Askari kwenye mistari wakavua kofia bila amri. Mpiga tarumbeta, aliyekuwa nyuma haoni kitu, akapiga ile ya mazishi. Aliyekuwa karibu na kamba akashusha bendera nusu mlingoti.

Na Afande Alal, mkono mmoja bado una mboji, akajikuta amevua kofia kwa mkono wa pili.

Mkubwa akishavua kofia mbele ya askari, hawezi kuirudisha hivi hivi. Lazima kuwe na mtu amekufa. Akatazama huku na huku, akisubiri kuambiwa ni nani. Mwishowe Okidi akanyoosha kidole, pole pole, kwenye biwi.

Niliona uso wa Afande Alal ukipigana na wenyewe. Kisha ukatulia.

"Aliugua muda mrefu?" akauliza.

Wote wakamtazama mama. Mama yangu hasemi uwongo, na hapo sikutaka aanze.

"Alikuwa na joto kali, Afande," akasema. "Likashuka. Akaanza kukonda. Alikonda mbele ya macho yetu sote."

Tafuteni neno moja la uwongo hapo. Mimi nimetafuta, halipo.

"Mbona hamkumpeleka zahanati?" Afande Alal akamgeukia Afande Olal.

"Tulimweka chini ya ulinzi, Afande."

"Mgonjwa? Chini ya ulinzi?"

"Wa bunduki, Afande," akaongeza Okidi, ambaye hajui wakati wa kunyamaza. "Na kuna koplo alimkalia."

Minong'ono ikapita kwa wanawake. Koplo wa kiti akainamisha kichwa.

Fadhul hakuweza kuvumilia. "Afande, kwa ruhusa yako! Hapa kuna wizi. Mali ilikuwa kifuani, sasa iko gotini. Mtunzaji ni huyu mama!"

"Sajini," Afande Alal akasema, kofia kifuani, "unamdai mjane unene wa marehemu?"

Fadhul akafunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifunga kitu bila kukiwekea namba. Afande Alal akatangaza mbele ya wote kwamba marehemu amefia kazini, waliomo korokoroni watolewe wakachimbe, na mazishi yafanyike bila kuchelewa. Kisha akapanda gari lake, akaondoka kwa kasi ya mtu anayeogopa kuulizwa.

Ukazuka ubishi wa dini. Katekista alitaka marehemu alale hadi kesho aombewe. Rukiah akasema hapana, maiti huzikwa leo.

"Alikuwa Mwislamu huyu?" katekista akauliza.

"Amekula maganda ya futari yangu Ramadhani nzima."

"Na ya Krismasi yetu je?"

"Basi aliyekula kwa wote ni wa wote. Wewe omba, na sheikh aombe, lakini shimo lichimbwe sasa hivi. Jua linapanda."

Mama ndiye aliyepima kaburi. Akaonyesha kwa uma wake wa kugeuzia mboji: kuanzia ukuta wa choo, kando ya matuta ya sukuma wiki, mpaka karibu na lango. Upana wa jembe, kina cha kiganja.

"Kaburi refu hivi?" Okidi akauliza, jembe mkononi.

"Mlaze ajinyooshe," mama akasema. "Alikaa amejikunja siku nyingi."

Wale askari waliotoka korokoroni walichimba kama watu waliosamehewa dhambi. Wakambeba marehemu kwa makarai, wakamsambaza kwa heshima, wakamfunika kwa udongo mwembamba. Mbwa alifuata nyuma mpaka mwisho. Rukiah akaanzisha, wanawake wakaitikia:

Maganda ya kila nyumba
ulikula bila choyo;
leo umerudi shamba,
nani atapasha moyo?

Nawaambia, niliona watu wazima wenye vyeo wakijipangusa macho. Kuna waliokuwa wanamlilia biwi. Kuna waliokuwa wanalia wa kwao ambao hawakupata tarumbeta.

Tulipotoka makaburini, yaani kwenye matuta, mikeka ilikuwa imeshatandikwa mbele ya chumba cha mama na moto wa matanga umewashwa. Fadhul akaja na dereva wa lori. Alikuwa amepata nguvu mpya.

"Mama Ocen, jina lako ni safi, nakubali. Lakini ulikuwa unabaki kwa sababu ya kutunza biwi. Biwi hayupo. Kazi imekwisha. Panda."

Dereva alitazama moto, akatazama mikeka, akatazama wanawake waliokaa wamenyoosha miguu.

"Ssebo," akamwambia Fadhul kwa heshima ya Kiganda, "mimi nina mama yangu. Sipakii vyombo kwenye nyumba yenye matanga." Na kwa kuwa lori lilikuwa limeshalipiwa mafuta, Rukiah akalituma Kikuubo kuleta sukari na mchele.

Matanga yakakaa. Watu wakaja kutoka kambi nyingine, maana habari ilikwenda kwamba kuna mwenzao aliyefia kazini akiwa chini ya ulinzi, na kila kambi ina hadithi ya namna hiyo. Kila aliyekuja alileta mkungu wa matoke. Wanawake wakamenya kutwa. Na mtu anayemenya matoke kambini kwetu ana mazoea yake: miguu yenyewe humpeleka nyuma ya mlingoti. Zile ndoo zilizokuwa zimejaa majumbani nazo zikamwagwa. Mama alikuwa mfiwa, hakutakiwa kufanya kazi, lakini nilimwona akinyoosha mkono na uma, akipanga: kibichi, kikavu, maji kidogo.

Asubuhi moja, mikeka ikiwa inakunjwa, Afande Olal na Fadhul wakaja. Fadhul alibeba kufuli. Walikuwa wamekuja kumwambia mama kwamba matanga yana mwisho. Hawakufika mlangoni. Walisimama nyuma ya mlingoti, wakitazama mvuke ukipanda kwenye baridi.

"Huyu ni nani?" Afande Olal akauliza.

Mama alikuwa anageuza tabaka la juu. Hakuacha.

"Yatima, Afande."

Fadhul akafungua mdomo.

"Funga, mtoto wa dada yangu," Rukiah akasema, "nzi ni wengi."

Nilikuwa karibu, ngumi nimezikunja tayari, neno kali liko ulimini. Lakini nilimtazama Afande Olal usoni nikalimeza. Alikuwa anapekua kanuni kichwani, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Yatima wa aliyefia kazini hatolewi kambini. Hiyo ipo. Anakaa na mlezi wake. Hiyo pia ipo.

"Ana mlezi?"

"Anaye," mama akasema.

"Mpaka afikishe umri."

"Hawa wetu hawafikishi, Afande. Wanawaka, wanakonda, wanakufa. Lakini hawafi bila kuacha mtoto."

Afande Olal akavuka yale mawe, akaweka kiganja juu ya biwi, akakiondoa haraka.

"Ana homa," akasema. "Sajini, weka chini hiyo kufuli. Nenda stoo ulete blanketi."

Fadhul akaenda. Akarudi na blanketi jipya la kijivu, lenye namba pembeni. Mama akalipokea, akamfunika yatima vizuri mpaka chini, kisha akaingia chumbani mwake kupika.